Sato Umempata, Lakini Ulisimama Wapi?

Haya ni mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne, katika shule moja ya sekondari iliyo karibu na Ziwa Victoria. Tumeyachapa kama yalivyotolewa, pamoja na maswali ya wanafunzi.

Vijana, mambo? (Poa!) Mbona mnaitikia kama watu waliokula ugali wa jana? Mambo? (POA!) Haya, hapo sawa.

Naona wengine mmeshika kalamu na daftari. Wekeni chini kwanza. Leo sikuja kutoa nukuu ubaoni. Nimekuja tuongee juu ya uvuvi. Ndiyo, uvuvi! Mtu wa afya na samaki wapi na wapi? Subirini, tutafika.

Nianze na maswali matatu. La kwanza: nani hapa amewahi kuvua samaki kwa ndoana? Nyoosheni mikono. Naona karibu wavulana wote. Na wasichana? Wachache. Nani amewahi kwenda na tenga au kikapu kukamata kambare kwenye madimbwi ya mto wakati wa kiangazi? Aha! Sasa mikono ya wasichana imeongezeka.

La pili: katika nyie mlionyoosha, nani alikuwa ameingia majini, maji yakamfika magotini au kiunoni? Ni karibu wote, si ndiyo? Asanteni kwa ukweli.

La tatu sitaki mnyooshe mkono. Kila mtu ajijibu moyoni mwake. Je, umewahi kukojoa ukaona damu, ukanyamaza?

Naona kicheko kimekwisha. Basi mazungumzo yetu ya leo yako hapo, kati ya swali la pili na la tatu.

UVUVI SI KOSA

Kabla sijaendelea nataka tuelewane. Sikuja kuwaambia muache kuvua. Samaki ni chakula bora, ana protini ya kujenga mwili na watu wengi hapa wanamtegemea. Wapo wanafunzi wanaonunua daftari kwa pesa ya sato wawili watatu waliowavua Jumamosi. Na isitoshe, kuvua ni raha. Ule mshipi unapokaza ghafla mkononi, boya linazama, moyo unaruka! Mtu asiyeyajua hayo hawezi kukuelewa.

Mtu mzima akikwambia tu, "Usiende ziwani, utapata kichocho," utaitikia "ndiyo," halafu kesho uko ziwani. Kwa sababu hakukueleza kichocho kinatoka wapi, wala hakukupa njia nyingine ya kumpata huyo samaki. Leo tutafanya yote mawili.

SATO NA KONOKONO WANAKAA MTAA MMOJA

Hebu niambieni nyie wavuvi, ukitaka sato unamtafuta wapi? (Kwenye majani! Kwenye maji yaliyotulia!) Sawasawa. Sato hapendi kuhangaika na mawimbi. Anapenda maji ya kina kifupi, yenye vuguvugu, yenye majani na mwani. Dume la sato huchimba kiota chake kwenye maji mafupi karibu na ufuko. Kwa hiyo mvuvi hodari anatafuta kijihori kilichotulia, penye matete, anaingia polepole asiwashtue samaki, anasimama kimya, anatupa ndoana yenye nyungunyungu au donge la ugali, anasubiri.

Anasubiri kwa muda gani? Saa nzima. Wengine saa tatu. Na miguu iko majini muda wote huo.

Sasa nawaambia jambo ambalo pengine hamjaambiwa. Konokono wa kichocho naye anapenda maji ya kina kifupi, yenye vuguvugu, yaliyotulia, yenye majani na mwani! Ni mtaa uleule, nyumba jirani. Mahali unapopasifia kwamba "hapa pana samaki bwana" ndipo mara nyingi penye konokono wengi.

Kwa mito ni hivyohivyo. Mvua kubwa zikinyesha, mto unakwenda kasi na konokono wanasombwa. Lakini kiangazi kikifika, mto kama Simiyu hupungua sana na kubaki madimbwi. Kambare wamebanwa mle ndani, kuwakamata ni rahisi, watoto wanajaa na matenga. Na konokono nao wamebanwa mlemle. Malambo na majaruba ya mpunga ni vilevile.

Konokono hawa si wale wakubwa wa shambani. Ni wadogo, wengi hawazidi ukucha wa kidole. Wako wa aina mbili za kuwaangalia. Mmoja ni bapa, amejiviringa kama kifungo cha koti. Huyu hubeba kichocho cha tumbo, ambacho kimeenea sana kwenye fukwe za ziwa. Wa pili ana gamba lenye ncha fupi. Huyu hubeba kichocho cha mkojo, ambacho huku kwetu kinapatikana zaidi mbali kidogo na ziwa, kwenye malambo, vijito na majaruba. Wala usiingie majini kwenda kumwokota ili uhakikishe!

SAFARI YA MNYOO

Konokono peke yake hana hatia. Hazaliwi na kichocho. Anapewa na nani? Anapewa na sisi.

Mtu mwenye kichocho anakojoa mtoni, au anajisaidia pembeni ya ziwa, mvua inakuja inasomba kila kitu hadi majini. Ndani ya mkojo au choo hicho mna mayai ya mnyoo. Yakigusa maji baridi yasiyo na chumvi yanaanguliwa, vinatoka vijidudu vinavyoogelea kumtafuta konokono. Vina saa chache tu za kuishi. Visipompata konokono wa aina inayofaa vinakufa.

Vikimpata vinaingia ndani yake, vinaongezeka. Baada ya wiki kama nne hadi sita, konokono huyo anaanza kutoa vimelea vipya. Kijidudu kimoja kilichoingia kinaweza kuzaa maelfu! Vimelea hivi vina mkia wenye pacha, ni vidogo mno, huwezi kuviona kwa macho. Hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Yaani wakati uleule vijana wa likizo wanapokuwa wameshapata uji, wamechimba nyungunyungu, wamefika ziwani.

Kimelea kikikutana na ngozi yako hakihitaji kidonda. Hakihitaji uinywe hayo maji. Kinatoboa ngozi nzima, kinaacha mkia nje, kinaingia ndani, na kazi hiyo inachukua dakika chache tu. Wewe bado unaangalia boya.

Kutoka kwenye ngozi kinaingia kwenye damu, kinapita mapafuni, kinakwenda hadi kwenye ini na kukomaa kuwa mnyoo wa sentimeta moja hadi mbili. Dume na jike wanakutana, na sikilizeni hili: dume ana mfereji mwilini mwake, jike anaingia humo, wanakaa wamekumbatiana. (Kicheko.) Chekeni tu, lakini hawa maharusi wanakaa ndani ya mishipa yako ya damu miaka mitatu, mitano, hata kumi, na jike anataga kila siku.

YAI LILILOKWAMA NDILO LINALOUMIZA

Watu wengi wanadhani minyoo ndiyo inayokula mwili. Hapana. Madhara makubwa yanatokana na mayai. Mayai mengine yanatoka nje kwa mkojo au choo. Mengine, na si machache, yanakwama ndani ya mwili. Mwili unapigana nayo, panavimba, panakuwa na makovu.

Kwenye kichocho cha mkojo mayai yanakwama kwenye kibofu na njia za mkojo. Unakojoa kwa maumivu, na damu inaonekana hasa mwishoni mwa mkojo. Ukikaa nacho miaka mingi, figo zinaweza kuharibika, na saratani ya kibofu inaweza kutokea.

Kwenye kichocho cha tumbo mayai yanakwama kwenye utumbo na ini. Tumbo linauma, unaharisha, wakati mwingine choo kina damu. Baada ya miaka, ini linapata makovu, bandama inavimba, tumbo linaweza kujaa maji. Mgonjwa anaweza hata kutapika damu akafa. Mnaweza kuwa mmewaona watu wazima wenye matumbo makubwa, mitaani wakaambiwa wamerogwa. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali akapimwe ini. Kuna magonjwa mengi yanayojaza tumbo, na kichocho ni mojawapo.

Na kwa mwanafunzi? Kichocho kinapunguza damu mwilini. Unachoka, unasinzia darasani, unashindwa kufuata somo. Mwalimu anasema mvivu, mama anasema mvivu, na wewe mwenyewe unaanza kuamini kwamba ni mvivu.

Ugonjwa huu si wa jana. Mayai ya kichocho yamekutwa kwenye maiti zilizokaushwa za Misri ya kale. Mnyoo wenyewe uligunduliwa mwaka 1851 mjini Cairo na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, ndiyo maana wengine wanauita bilhazia. Na bado upo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 250 duniani walihitaji kupewa dawa ya kuuzuia, na wengi wao wako Afrika.

AIBU INAPOFUNGA MDOMO

Turudi kwenye swali langu la tatu.

Tumfikirie kijana wa kidato cha pili. Anaona damu kwenye mkojo. Anafikiri nini? Kwanza anafikiri kisonono. Anajiuliza, "Nimeupata wapi na mimi sijafanya kitu?" Au kama amewahi kufanya, ndiyo basi, anaona amekwisha. Hawezi kumwambia baba. Akimwambia rafiki, kesho shule nzima inajua. Anakwenda dukani ananunua vidonge alivyosikia vinatibu "magonjwa yale". Havimsaidii. Damu inapungua yenyewe siku mbili, anafurahi, halafu inarudi.

Wapo na wanaoambiwa kwamba mvulana akikojoa damu ni dalili ya kukua, kwamba sasa amekuwa mwanamume. Jamani! Damu kwenye mkojo si alama ya kubalehe. Ni dalili ya ugonjwa, na ugonjwa huo unapimika na unatibika.

Kichocho hakiambukizwi kwa kujamiiana. Hakiambukizwi kwa kushikana mikono, kulala chumba kimoja wala kuchangia sahani. Kwa hiyo ukimwona mwenzako anakwenda kupima mkojo, usianze kunong'ona. Lakini pia usijipe jibu mwenyewe kwamba "hiki ni kichocho tu." Damu kwenye mkojo inaweza kuletwa na magonjwa mengine, yakiwemo ya zinaa. Kinachojua ni kipimo, sio wewe wala mimi.

WASICHANA, HAPA MSISINZIE

Mara nyingi mambo ya uvuvi yanazungumzwa kama ya wavulana. Lakini nani anakwenda kuchota maji? Nani anafua akiwa amesimama ziwani, sketi imefungwa magotini? Nani anapanda mpunga ameinama jarubani kutwa nzima? Nani anatega kambare na tenga? Kimelea hakiangalii kama umeshika ndoana au sabuni.

Na kwa msichana kichocho cha mkojo kina ubaya wa ziada. Mayai yanaweza kukwama kwenye uke na mlango wa uzazi, yakaleta vidonda, kutokwa na uchafu au damu isiyo ya hedhi, na maumivu. Msichana mwenye hali hii anaweza kusingiziwa umalaya na kupewa dawa za magonjwa ya zinaa, kumbe ni kichocho. Kikiachwa kinaweza kusababisha ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi. Vidonda hivyo pia vinaweza kumweka mwanamke katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU. Kwa hiyo dada yangu, ukiwa na dalili hizi, mweleze mhudumu wa afya kila kitu, na usisahau kumwambia, "Mimi nimekulia kando ya maji, naingia majini." Sentensi hiyo moja inaweza kumfanya afikirie kichocho.

KUPIMA NA KUTIBIWA

Kwa kichocho cha mkojo unapimwa mkojo. Saa nzuri ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana mayai hutoka kwa wingi muda huo. Ukitembea au kukimbia kidogo kwanza ni vizuri zaidi. Kwa kichocho cha tumbo unapimwa choo. Mtaalamu wa maabara anatafuta mayai kwa darubini.

Dawa inaitwa prazikwanteli. Ni vidonge, na idadi yake inategemea uzito. Shuleni wakati wa ugawaji mnapimwa kwa ile fimbo ndefu yenye alama, kwa sababu urefu unasaidia kukadiria dozi pale mizani inapokosekana. Usijipimie mwenyewe nyumbani, na usichukue vya rafiki yako.

Hapa kuna jambo la muhimu sana: kula kwanza. Dawa hii ikimezwa kwa tumbo tupu inaleta kichefuchefu zaidi. Hata ukila, unaweza kupata kizunguzungu, maumivu ya tumbo, kutapika au kuwashwa. Kwa kawaida hali hiyo hupita yenyewe siku hiyohiyo. Mwenye minyoo mingi anaweza kusikia zaidi. Nawaeleza haya mapema ili msitishike. Mwaka 2008 mkoani Morogoro zilitokea vurugu kwenye baadhi ya shule wakati wa kugawa dawa hizi, baada ya uvumi kwamba watoto wamedhurika. Uvumi unakimbia kuliko pikipiki. Kijana anayejua anaweza kuutuliza.

Lakini prazikwanteli ina mipaka miwili. Kwanza, inaua minyoo iliyokomaa, haiui vizuri ile michanga. Ukiingia majini wiki iliyopita ukameza dawa leo, michanga inaweza kubaki ikakua. Pili, dawa sio chanjo. Ukitibiwa asubuhi ukarudi kusimama penye konokono mchana, unaanza upya. Ndiyo maana dawa inagawiwa tena na tena, na ndiyo maana tunazungumza jinsi ya kuvua.

BASI TUVUEJE?

1. Simama pakavu. Tafuta mwamba, gati au ukingo imara, au vua ukiwa kwenye mtumbwi pamoja na mtu mzima anayejua maji. Mwanza mnajivunia mawe, yatumieni basi!

2. Refusha ufito na mshipi. Wengi wanaingia majini kwa sababu fimbo ni fupi na mshipi ni mfupi. Ufito mrefu wa mwanzi, mshipi wa kutosha, kichubwi cha kuutupa mbali, na boya la kipande cha ndala iliyochakaa. Mambo yote hayo yanapatikana mtaani. Ukisimama nje na kuacha miguu yako isitikise maji, hata sato hashtuki.

3. Angalia saa. Asubuhi mapema vimelea ni vichache kuliko saa sita mchana. Vichache sio sifuri, kwa hiyo bado simama pakavu.

4. Ikibidi uingie kwa ajili ya kazi, vaa gambuti na ingia maji mafupi tu. Maji yakipita juu ya gambuti ikajaa, huna kinga tena. Ukitoka jifute haraka na kwa nguvu kwa taulo kavu. Kujifuta kunaweza kusaidia kidogo, lakini usikutegemee.

5. Usikojoe wala kujisaidia majini au ukingoni. Hii ndiyo sheria mama. Nenda chooni kabla hujaenda kuvua. Pasipo na mayai majini, konokono hana cha kukupa.

6. Maji ya kuoga ya ziwani au mtoni yaweke kwenye pipa lililofunikwa kwa siku mbili. Vimelea haviishi zaidi ya hapo. Au yachemshe, yaache yapoe. Kwa kunywa, chemsha daima, kwani kuna magonjwa mengine kama kipindupindu na homa ya matumbo.

7. Usivue peke yako. Kichocho si hatari pekee. Kuna mamba, kuna kiboko, kuna shimo usilolijua chini ya maji, na kuna usiku. Penye mamba au kiboko hata ukingo wenyewe hapafai. Waulizeni wavuvi wazee wa mahali hapo, nao watawaambia ukweli.

SAMAKI WANAOTULINDA

Nina jambo moja la mwisho kabla ya maswali, na hili wavuvi watalipenda. Wapo samaki wanaokula konokono. Kamongo anakula konokono. Baadhi ya furu pia. Hawa ni askari wetu wa bure.

Katika Ziwa Malawi, huko Cape Maclear, kichocho kiliongezeka tangu miaka ya 1980. Watafiti wamelihusisha ongezeko hilo na kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki wanaokula konokono kwenye maji mafupi. Samaki walipopungua, konokono walistarehe.

Sasa fikirieni kokoro linavyokokotwa ufukweni likisomba kila kitu, hadi vifaranga. Au chandarua kilichotolewa kwa ajili ya malaria kinavyofanywa wavu. Au sumu inavyomwagwa kwenye dimbwi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu na baruti, na kokoro ni haramu. Watu wengi wanaona ni mambo ya ofisi ya uvuvi tu. Kumbe ni mambo ya kibofu chako na ini lako! Mwenye ndoana anayechagua samaki mkubwa na kumrudisha mdogo anafanya kazi ya afya pia.

MASWALI YENU

Eti ukiruka mkojo wa mtu mwenye kichocho nawe unakipata?
Hapana. Mayai yaliyo kwenye mkojo hayawezi kukuambukiza moja kwa moja. Ni lazima yapite kwa konokono, majini. Mkojo uliomwagika njiani pakavu hauna njia hiyo.

Je, nikila sato aliyevuliwa penye konokono wengi?
Kula, bwana. Kichocho hakipatikani kwa kula samaki. Mpike aive vizuri, ukamuulize mama kama pilipili ipo.

Nimeona kwenye filamu Wazungu wamesimama katikati ya mto wanavua. Mbona wao hawaumwi?
Swali zuri! Marekani watu wengi hupenda kuvua hivyo, wakitafuta samaki kama bass na wengine wadogo wa kukaanga. Angalieni tena ile filamu: mara nyingi wamevaa suruali za mpira zinazofika kifuani. Tena mito ya kule haina konokono wa kueneza kichocho cha binadamu kama wetu. Lakini wana kichocho cha ndege! Vimelea vyake vikiingia kwenye ngozi ya mtu vinafia palepale, anabaki akijikuna siku kadhaa. Huyo bass mwenyewe aliletwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa starehe. Samaki waliwahi kusafirishwa, lakini zile suruali za mpira hazikuja na samaki. Kwa hiyo usiige kusimama mtoni kama hujui mto wako una nini.

Nikioga kwa sabuni baada ya kuvua sivitoi?
Vinaingia ndani ya dakika chache. Ukifika nyumbani kuoga, vimeshavuka mpaka. Kuoga ni vizuri kwa usafi, lakini usikuhesabu kama kinga.

Nasikia dawa za shuleni zinazuia kuzaa.
Si kweli. Prazikwanteli haifungi uzazi wa msichana wala wa mvulana. Kinachoweza kuharibu uzazi ni kichocho chenyewe kisipotibiwa.

Mdogo wangu ana miaka mitatu, mama humwogesha ziwani. Naye yuko hatarini?
Ndiyo. Maji ya ziwa yakimwagwa kwenye beseni na kutumika palepale yana vimelea vilevile. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unashauri dawa za kinga katika maeneo yenye kichocho zitolewe kuanzia umri wa miaka miwili, na kwa watu wazima pia, sio wanafunzi peke yao. Mwambie mama amuulize mhudumu wa kituo cha afya.

Mimi naona aibu kwenda kliniki. Nifanyeje?
Nenda na mtu unayemwamini, au nenda peke yako. Sema maneno haya tu: "Nimekulia karibu na maji, nataka kupima kichocho." Huna haja ya hadithi ndefu. Na kama umeona damu, usisubiri ipotee. Damu kupotea sio kupona.

KAZI YA WIKI HII

Nilisema sitatoa nukuu, lakini kazi nitatoa. Kila mmoja achore ramani ya mahali anapovua, anapofulia au anapochota maji. Weka alama penye majani na konokono, penye mwamba au ukingo wa kusimama, penye choo, na pale watu wanapojisaidia ovyo. Halafu leteni ramani zenu kwenye klabu ya afya Ijumaa, tuzibandike ukutani. Mtashangaa jinsi alama za konokono na za watu kujisaidia zinavyokaa karibu karibu. Baada ya hapo tutaiandikia serikali ya kijiji juu ya choo ufukweni, na ramani zenu ndizo zitakazokuwa ushahidi.

Vijana, Jumamosi mkivua salama mnikumbuke na mimi. Sato mmoja tu, hata mdogo kidogo si mbaya... hapana, mdogo mrudisheni majini!